Nyaya za pawa saplai: ongezea, usibadilishe
Nimetoka kupanga kompyuta ya mezani ya binamu yangu hapa Kondele, Kisumu, na jambo hili linafaa kujulikana. Ukitaka nyaya za pawa saplai (kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) zipendeze, usizing'oe. Nunua nyaya za kuongezea urefu zilizovikwa nyuzi, ule wa pini 24 wa madabodi (bodi kuu ya kompyuta) na ule wa pini 8 wa prosesa, uziunge kwenye ncha za zile za zamani, kisha maungio uyafiche nyuma ya bamba linaloshikilia madabodi. Mbele zitaonekana zile nzuri tu. Ni salama kwa sababu ncha ya upande wa madabodi hufuata kiwango cha ATX, yaani mpangilio wa pini unaotumiwa na kampuni mbalimbali. Upande wa pawa saplai yenyewe hakuna kiwango: waya wa kampuni nyingine unaweza kuingia vizuri kabisa na bado ukapeleka volti 12 mahali pa volti 5, diski ikaungua. Tafadhali, hilo lisikupate. Mbinu hii hushindwa kasha likiwa jembamba, kifuniko cha nyuma kikakataa kufunga. Usikilazimishe, maana maungio yakilegea hupata moto. Na baadhi ya kompyuta za ofisi zilizotumika hazina ncha ya pini 24, kwa hivyo hesabu pini kabla ya kulipa.