Kuvua trauti na familia Aberdare na Mlima Kenya, na kumpika palepale mtoni (somo)

Kila mvua ikikatika naulizwa yale yale, mto gani, flai gani (ile ndoano iliyofungwa manyoya na nyuzi ifanane na mdudu), watoto waje ama wabaki, na mbona samaki alishikana na kikaango. Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwa hivyo naandika mara moja hapa.

Kwanza mjue samaki mwenyewe. Trauti si wa asili huku kwetu, mlowezi Mwingereza Ewart Grogan ndiye alimleta mwaka 1905 akamtia mto Gura na samaki akaipenda ile baridi. Leo yuko Gura, Chania, Mathioya, Sagana, Thiba, Naro Moru, Burguret, yaani mito ya juu, maji baridi yanayokimbia juu ya mawe. Ukishuka mpaka maji yapate joto na tope hutampata, usisumbuke. Wenzetu wa Ulaya husubiri spring, sisi hatuna spring, tunaangalia mvua. Januari na Februari ni nzuri, halafu tena mvua ndefu ikishatulia. Mto ukiwa na rangi ya chai ya maziwa kaa nyumbani.

Hatua ya 1, leseni. Nunua ofisi ya uvuvi na hapohapo uulize samaki wangapi na wa urefu gani wanaruhusiwa. Ndani ya hifadhi kuna kiingilio cha KWS (shirika la wanyamapori) pia.

Hatua ya 2, vifaa. Rodi (fimbo ya kuvulia) namba 4 ama 5 ya futi nane hivi, laini inayoelea (ule uzi mnene), uzi mwembamba wa mwisho unaofungwa flai, wa nguvu ya ratili 4 ama 5, na flai chache: Kenya Bug, Coachman, za ndoano namba 10 hadi 14. Inatosha.

Hatua ya 3, watoto. Kofia na miwani kwa kila mtu, hata anayetazama tu, na kile kijino cha ndoano ukifinye kwa koleo kabla ya kufunga flai. Nyuma ya anayerusha flai hapasimami mtu. Ndani ya hifadhi chukua askari wa wanyama, nyati na ndovu wanakunywa mito hiyohiyo.

Hatua ya 4, kurusha. Samaki anaelekeza kichwa juu, maji yanakotoka, kwa hivyo mwendee kutoka chini polepole. Rusha karibu. Usitake kufika ng'ambo.

Hatua ya 5, ukimnasa. Wa kurudishwa usimtoe majini, na mikono iwe imelowa maji. Wa kula mpige kichwani mara moja, usimwache arukeruke kwenye nyasi.

Hatua ya 6, kusafisha na kupika. Hapa ndipo wengi wanaharibu kwa hivyo soma yote. Trauti ametoka maji baridi, ukimweka juani saa moja tu nyama inalegea, mweke kwenye kiondo chenye nyasi zilizoloweshwa, kivulini. Pasua tumbo kuanzia kwa tundu la haja hadi chini ya taya, toa matumbo na matamvua. Sasa angalia ndani, chini ya uti wa mgongo kuna mstari mweusi wa damu umefunikwa na ngozi laini, ichane hiyo ngozi kwa ncha ya kisu halafu sukuma kwa ukucha wa kidole gumba kutoka mkiani kuja kichwani mpaka uone mfupa mweupe. Ukiuacha huo mstari samaki atakuwa mchungu na utasingizia mto. Magamba USIPARE, ni madogo mno, yanalika. Halafu mkaushe kwa kitambaa, ndani na nje, akauke kabisa, maana kinachomshikanisha na kikaango ni ule unyevu. Kikaango kipate moto kwanza, ndio mafuta, ndio samaki, chumvi unatia dakika ileile ya kumweka. Usimguse! Ngozi ikishaiva itaachia yenyewe, ukimgeuza kwa haraka unabaki na vipande. Jicho likiwa jeupe na pezi la mgongoni likichomoka ukilivuta, ameiva. Kamulia ndimu, mwagia dania. Waru (viazi) zichemshe nyumbani, kule unazipitisha tu kwa mafuta yaleyale.

Onyo mbili. Moto wa kuni ni pale palipotengwa tu, Februari nyasi za juu Aberdare zimekauka na zinashika haraka sana, mimi nabeba jiko dogo la gesi. Na chupa za maji za plastiki, sahani na vijiko vya kutupa viko marufuku kwenye hifadhi tangu Juni 2020, bebeni sahani za nyumbani.

MASWALI

Kaka Mkubwa: Leseni ni lazima hata kama ni siku moja?

Ndiyo, soma hatua ya 1.

Muvi_Thika: nyungunyungu je, naona flai ni ngumu

Somo ni la flai. Mtoni na nyungunyungu usijaribu, tafuta bwawa la kulipia.

Otis: Mbona mnaua? Wavuvi wa kweli wanarudisha.

Nimeandika jinsi ya kurudisha, hatua ya 5. Tunakula wale leseni inaruhusu na familia inamaliza. Samaki aliyeshikwa kwa mikono mikavu akipigwa picha kumi pia anaweza kufa, tofauti ni kwamba hamuoni akifa.

Mama Shiru: Asante sana mwalimu. Wangu ana miaka tisa na anauliza samaki anakaa wapi hasa, nimjibu nini?

Swali zuri mama, na msalimie. Mwambie samaki hataki kuchoka lakini anataka chakula kimpitie, kwa hivyo anakaa nyuma ya jiwe, chini ya ukingo uliolika, ama pale maji ya kasi yanagusana na maji ya pole. Mpe jani kavu alitupe majini atazame linapopunguza mwendo, hapo ndipo. Halafu muonyeshe povu: flai ikienda kwa mwendo wa povu iko sawa, ikilipita povu laini inaivuta na samaki ataikataa. Watoto wanaona hili upesi kuliko wakubwa.

Nyeri_Diaspora: Niko Pennsylvania na familia, huku msimu unafunguliwa Aprili. Hili somo litanisaidia?

Sana ndugu. Huko ni Jumamosi ya kwanza ya Aprili, saa mbili asubuhi. Unahitaji leseni na kibali cha trauti juu yake, chini ya miaka 16 hawahitaji leseni. Maji ya Aprili ni baridi mno, samaki wamezubaa chini, kwa hivyo weka flai yenye uzito ipite karibu na mawe, na usiamke alfajiri, adhuhuri maji yakipata joto kidogo ndio wanakula. Kupika ni vilevile.

Mama Shiru: Na flai tunanunua wapi bei nafuu?

Ulizia wafungaji wa hapahapa. Flai nyingi zinazouzwa Ulaya na Marekani zinafungwa kwa mikono Kenya, mtu wa karibu nawe huenda anazo.

Otis: Vichwa mnatupa?

La. Toa matamvua yote, chemsha na kitunguu, nyanya na tangawizi dakika ishirini, chuja, wape watoto na ugali.