Unataka kuweka bango la biashara Dar? Anza na ardhi, fundi atakuja baadae

Wengi tukifungua biashara Dar bango tunalianzia mwisho. Fremu imeshalipiwa, rangi imepigwa, unakimbia Kariakoo kuchapisha flex kubwa, fundi anachomelea chuma na nguzo mbili, mnaisimamisha Jumapili jioni watu wa manispaa wakiwa makwao, alafu baada ya wiki kadhaa anakuja kijana na futi kamba anapima anaandika anakuachia karatasi, na hapo ndo unaanza kuulizana na jirani hivi hii kitu inalipiwa wapi. Kumbe ungeuliza kabla hujatoa hela ya chuma ungejiepusha na mengi.

Sasa swali la kwanza halihusu ukubwa wala rangi. Ni hili, ile nguzo inasimama kwenye ardhi ya nani? Maana bango Dar lina wenyewe zaidi ya mmoja. Halmashauri anahusika na tangazo lenyewe, yaani kibali na ada, ila kama nguzo imeingia kwenye hifadhi ya barabara, yaani ukanda wa ardhi uliotengwa kwa ajili ya barabara, kuna mwenye barabara naye anataka lake, na huyu akikataa hata halmashauri wakupe karatasi yenye mihuri kumi haitakusaidia.

Barabara kubwa kama Morogoro, Nyerere, Mandela, Kilwa, Bagamoyo ziko chini ya TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mkoa. Mitaa ya ndani, Kariakoo, Sinza, Magomeni huko na barabara nyingi za mtaani ni TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, hawa wameanza 2017. Kwa barabara kuu na za mkoa Sheria ya Barabara ya 2007 iliongeza hifadhi ikafika mita 60, yaani 30 kila upande, zamani ilikua 22.5 kila upande. Na hapa watu wanakosea sana, hizo mita zinapimwa kuanzia katikati ya barabara, sio pale lami inapoishia. Kwahiyo wewe unaona kuna mtaro, kuna kijinjia cha waenda kwa miguu, kuna mama ntilie, alafu ndo fremu yako, unasema mimi niko mbali na barabara, kumbe uko ndani kabisa. Ukiwa Morogoro Road kuanzia Kimara kwenda Kibaha ndo usicheze kabisa, kule hifadhi ni pana kuliko kawaida, ile bomoabomoa ya 2017 waliyobomolewa walikua wanaambiwa mita 121 na kitu kila upande. Mtu ana ghorofa, ameishi miaka, ikaondoka. Sasa bango lako la futi nane litapona vipi.

Kuna njia ya haraka ya kujua kabla hujaenda ofisini. Angalia nguzo fupi za zege za mpaka wa hifadhi, sehemu nyingi zipo japo nyingine zimefukiwa na takataka au watu wamejengea juu. Angalia pia kama majengo ya jirani yana alama ya X. Watu wa Dar wanazijua, nyekundu maana yake umeingia hifadhini hulipwi kitu, ya kijani ni wale waliofuatwa na barabara baada ya sheria kuongeza upana, hao fidia yao ipo. Ukiona X yoyote hapo usichimbe shimo la nguzo, weka bango ukutani ndani ya kiwanja na bado uulize.

Na kama bado unataka ndani ya hifadhi kwa sababu ndo panaonekana, unaweza kuomba, makampuni ya matangazo wanafanya hivyo kila siku. Unaandika kwa meneja wa TANROADS mkoa au TARURA wa wilaya, unaeleza sehemu, saizi, umbali kutoka katikati ya barabara, unaambatanisha mchoro. Wanaangalia kama linaziba alama za barabarani, taa za kuongozea magari, kona, makutano, na mabomba na nyaya zilizopita chini. Ila elewa unachopewa ni ruhusa ya kukaa tu, ardhi haijawa yako. Barabara ikipanuliwa wewe ndo wa kwanza kuondoka. Angalia Kilwa Road ilivyojengwa mwendokasi ya kwenda Mbagala, na Nyerere ya Gongo la Mboto, na Bagamoyo ya kwenda Tegeta, kila inapopita ile kazi pembezoni panafyekwa. Kwahiyo kabla ya kusimika chuma cha mamilioni uliza kama kuna mradi unakuja, hilo swali ni bure.

Haya tuje halmashauri. Hapa pia watu wanapotea kwasababu wanasema tu naenda Jiji. Tangu Februari 2021 Jiji la Dar es Salaam ni ile iliyokua Ilala, basi. Wengine ni manispaa za Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni, kila mmoja na ofisi yake na sheria ndogo zake. Ukiwa Sinza wewe ni Ubungo, jirani yako Kijitonyama ni Kinondoni, mnaweza kuwa mnanunua vocha duka moja ila ofisi zenu tofauti. Kama hujui uko wapi muulize mtendaji wa mtaa, na kwa vyovyote ni vizuri akujue mapema.

Barua ya maombi inaenda kwa mkurugenzi, ndani kule inazungushwa kwa watu wa mipango miji, biashara na mapato. Andaa hivi vitu kabla hujatoka nyumbani: leseni ya biashara, TIN (namba ya mlipa kodi), picha ya sehemu unapotaka kuweka, mchoro wa bango wenye vipimo na urefu kutoka chini, maandishi na picha zitakazokuwepo, na ridhaa ya mwenye eneo kwa maandishi. Hii ya mwisho usiidharau. Mwenye fremu kukwambia kwa mdomo weka tu bosi haina maana yoyote siku ugomvi ukitokea, na kuna wenye nyumba paa lao wameshaliuza kwa kampuni ya matangazo wewe hujui. Bango kubwa la nguzo au la juu ya ghorofa watataka na mchoro wa mhandisi kuhusu msingi na upepo, na kusema ukweli hata wasipotaka wewe utake, chuma kikidondokea bodaboda wakati wa mvua za masika kesi ni yako sio ya fundi. Ukiwa maeneo ya karibu na uwanja wa ndege na unataka kitu kirefu, kuna TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, nao wana neno kuhusu urefu.

Ada sasa. Hapa kuna historia fupi inayoeleza kwanini watu wanachanganyana. Zamani halmashauri ndo walikua wanakusanya, 2017 ikahamishiwa TRA, mamlaka ya mapato, alafu bajeti ya 2021/22 ikairudisha upande wa TAMISEMI, wizara inayosimamia halmashauri. Ndo maana ukimuuliza mfanyabiashara wa zamani atakwambia nenda TRA, mwingine atakwambia manispaa, wote hawadanganyi, ni miaka tu inatofautiana. Saa hizi anzia halmashauri.

Inavyohesabiwa ni eneo la bango kuzidisha kiwango, kwa mwaka, na kiwango kinategemea aina: lisilo na taa ni tofauti na lenye taa, skrini ya LED ni nyingine, tangazo la ukutani na la kwenye gari nayo yana viwango vyake. Omba uonyeshwe jedwali lenyewe, usikubali kutajiwa bei kwa mdomo. Alafu angalia kipimo, kama ni futi za mraba au mita za mraba, maana mita moja ya mraba ni karibu futi 10.8 za mraba na hapo mtu akichanganya bili inapaa mara kumi. Bango la futi 8 kwa 4 ni futi za mraba 32. Uliza kama pande mbili zinahesabiwa mbili. Mimi ningekua na duka dogo ningeandika jina ukutani kwa saizi ya kusomeka tu, maana unalilipia kila mwaka na mteja wa mtaani hahitaji maandishi ya kuonekana toka Ubungo mataa. São Paulo kule Brazili walifika mbali zaidi, sheria yao iliyoanza 2007 ilifuta mabango yote makubwa ya matangazo, na kibao cha duka ukubwa wake unategemea upana wa mbele ya jengo. Wafanyabiashara walilia ila jiji likaonekana. Sisi huko hatujafika.

Malipo ni kwa kontroo namba, yaani namba ya malipo ya serikali, unalipa benki au kwa simu, alafu unatunza risiti. Mtu akija dukani anasema nipe kiasi fulani cash nikufutie hiyo bili, mwambie alete kontroo namba yenye jina la biashara yako. Kama ni wa kweli ataleta.

Kuna matangazo mengine yanahitaji baraka za taasisi nyingine kabla hata ya halmashauri. Dawa na vifaa tiba ni TMDA. Michezo ya kubahatisha ni Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Tiba asili kuna Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, japo ukiangalia nguzo za umeme zilivyojaa vibati vya mganga wa kurudisha mpenzi na kuzuia chuma ulete utadhani hilo baraza halipo. Nguzo za TANESCO sio sehemu ya matangazo ya mtu yeyote, awe mganga au mwalimu wa tuisheni, na namba ya simu uliyoiandika pale ndo hiyo hiyo ya kukutafutia.

Ukikodi bango la kampuni badala ya kusimika lako, dai kopi ya kibali chao na risiti ya ada ya mwaka huo kabla hujasaini, na kwenye mkataba iandikwe wazi nani analipa ada na nini kinatokea likishushwa na mamlaka katikati ya muda wako. Ushauri wangu lipa kwa miezi mitatu mitatu, miezi kumi na mbili kwa mkupuo ni hela nyingi kuiweka juu ya nguzo ambayo sio yako.

Mwisho, kuhama. Ukifunga biashara au ukibadilisha jina, shusha bango, piga picha pakiwa patupu, peleka barua halmashauri wakugongee muhuri wa kupokea kwenye kopi yako, na fanya hivyo kabla ya mwaka mwingine kuanza. Usipoandika, kwenye vitabu vyao bango bado liko juu na bili inaendelea kuja kwa jina lako.