Acha floksi, otesha portulaka: maua ya kutambaa kwa kitalu cha Tanga

Picha ya kilima cha pinki inayozunguka kwenye simu, ile ambayo wateja huja nayo kitaluni wakisema "nataka hii hapa", ni floksi ya kutambaa. Mara nyingi imepigwa Japani, kwenye bustani za umma zilizopandwa mmea huo mmoja eneo zima. Asili yake ni mashariki mwa Marekani, kwenye mawe na mchanga, na inahitaji majira ya baridi ya kweli ndipo itoe maua yale kwa wingi, mara moja kwa mwaka, wiki chache tu. Tanga mjini usiku wa Julai joto hushuka hadi nyuzi 20 hivi. Hata Lushoto, mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, baridi yake si ya theluji. Usimuuzie mtu wa Sahare au Raskazone floksi, na pakiti za mbegu zenye picha ya kilima kile ziogope: floksi ya kutambaa kibiashara huzalishwa kwa vipandikizi, yaani vipande vya matawi vinavyochomekwa udongoni, kwa hiyo hujui ndani ya pakiti mna nini.

Mmea wa kumpa badala yake ni portulaka. Inatambaa chini, haizidi sentimita 20 kwenda juu, inapenda jua kali na mchanga, na huku pwani inachanua karibu mwaka mzima. Ziko aina mbili sokoni. Moja ina majani membamba ya mviringo mithili ya sindano nene, na maua yake huweza kuwa ya kujaa kama waridi. Nyingine ina majani mapana bapa na maua ya petali chache, nayo hufaa pia kwenye vyungu vya kuning'iniza. Anza na zote mbili.

Mchanganyiko wa udongo

Changanya ndoo mbili za mchanga wa mto, ndoo moja ya udongo wa juu na ndoo moja ya samadi iliyoiva kabisa, ile isiyonuka wala kutoa joto. Pitisha kwenye chekeche. Kiriba, yaani kifuko cha plastiki cha kuoteshea miche, cha inchi 4 kwa 6 kinatosha. Ndoo ya lita 20 inajaza viriba kama 45. Hakikisha kiriba kina matundu chini na pembeni, maana vingine huuzwa bila kutobolewa vya kutosha.

Mchanga wa ufukweni usiutumie, hata kama uko hatua ishirini kutoka kitaluni. Portulaka iliyokomaa huvumilia chumvi kiasi, lakini kipandikizi kisicho na mizizi hakivumilii. Tahadhari hiyohiyo iende kwenye makumbi ya nazi. Makumbi yaliyosagwa ni mazuri sana kwa kulegeza udongo, ila yale yaliyofukiwa pwani ili yalainike kwa kusokota kamba yamekunywa maji ya bahari. Loweka kwenye pipa la maji yasiyo na chumvi siku nzima, mwaga, rudia mara tatu, kisha onja maji ya mwisho kwa ncha ya ulimi. Ukisikia chumvi, rudia tena. Kisima cha karibu na bahari nacho kionje, hasa mwishoni mwa kaskazi maji yanapopungua.

Vipandikizi

Mbegu zinaota, lakini maua yatakuja ya rangi mchanganyiko na hutajua ipi ni ipi mpaka ichanue. Anayetaka mstari mweupe mtupu mbele ya baraza yake hatakubali "mchanganyiko". Kwa hiyo panda mashina mama, yaani mimea ya kukatia vipandikizi, kwenye matuta yaliyoinuliwa, kila rangi tuta lake, na nafasi ya kutosha katikati ili matawi yasivukiane.

Wengi huharibu hapa. Maua ya portulaka hufunguka jua likishapanda na hujifunga mchana unapogeuka. Ukimtuma kijana akate vipandikizi saa kumi na moja jioni, kila tuta kwake ni majani tu, na tawi la pinki lililotambaa hadi kwenye tuta jeupe litakatwa kama jeupe. Kosa hilo utaligundua wiki tano baadaye, pengine kwenye uwanja wa mteja. Kata kati ya saa tatu na saa sita, maua yakiwa wazi, na kila rangi iwe na beseni lake lenye lebo.

Kata tawi lenye afya, urefu wa sentimita 5 hadi 8, kwa kisu kikali. Ondoa majani ya sentimita 2 za chini, na ondoa ua na matumba yote, hata kama roho inauma. Tumba linakula nguvu ambayo ingekwenda kwenye mizizi. Tandaza vipandikizi kivulini kwa muda wa saa nne hivi, au hata usiku mmoja, mpaka kidonda kikauke. Ukikichomeka kidonda kikiwa kibichi na kinatoa utomvu, kitaoza.

Chomeka vitatu kwa kiriba, rangi moja, kina cha sentimita 2. Mwagilia kidogo mara moja tu, kisha acha siku mbili. Viweke chini ya neti ya kivuli au makuti mepesi kwa siku tano hadi saba, halafu vitoe juani moja kwa moja. Mizizi hutoka baada ya siku 7 hadi 10: vuta kipandikizi kwa vidole viwili, kikikataa kimeshika. Wiki ya pili bana ncha zote ili kitoe matawi pembeni. Ncha ulizobana nazo ni vipandikizi, usizitupe.

Kiriba hufaa kuuzwa baada ya wiki nne hadi sita kipindi cha joto. Juni hadi Agosti ongeza kidogo. Mbolea isizidi. NPK 17-17-17 chembe chache kwa kiriba mara moja, baada ya kubana ncha, zinatosha. Urea itakupa majani manene ya kijani yanayopendeza, na maua hakuna.

Masika, na kinachoua

Portulaka hufa kwa maji kuliko kwa kiu. Mvua za Tanga hukolea Aprili na Mei, na kitalu kilichopangwa chini kwenye udongo kinaweza kwisha wiki moja. Kabla ya Machi kwisha, pandisha viriba kwenye meza za mabanzi au matofali, angalau sentimita 30 kutoka chini, na funika juu kwa nailoni angavu ukiacha pande wazi hewa ipite. Ukifunika na pande umetengeneza jiko la kuvu.

Jifunze kutofautisha kiu na kuoza, maana mmea hunyauka kwa yote mawili. Mwenye kiu ana majani yaliyokunjamana, shina lake ni gumu, na kiriba ukikinyanyua ni chepesi. Anayeoza ananyauka huku kiriba ni kizito. Shina karibu na udongo limelegea na kuwa kama limechemshwa, na majani yanadondoka ukigusa. Asiyejua humwagilia huyu wa pili, na ndiyo humaliza kazi. Kiriba cha namna hiyo kitupe na udongo wake, mbali na rundo la kuchanganyia.

Vidung'ata, wale wadudu wadogo weupe kama unga, ni tatizo la kiangazi, na portulaka ya majani membamba inawaficha vizuri, kwa sababu yenyewe ina vishungi vya nywele nyeupe kwenye vikwapa vya majani, pale jani linapoungana na shina. Ukitazama haraka unaweza kunyunyiza dawa mmea mzima ulio salama, au ukaacha ulioathirika. Bonyeza kile cheupe kwa kijiti. Nywele hubaki kavu. Kidung'ata hupasuka na kuacha majimaji. Msafara wa sisimizi unaopanda kiriba ni dalili nyingine. Changanya sabuni ya maji mililita 5 kwa lita moja ya maji, nyunyiza jioni ukilenga vikwapa, rudia kila baada ya siku nne au tano hadi waishe.

Konokono waokote usiku kwa tochi. Kuku je? Kuku wa jirani ni adui mkubwa kuliko wadudu wote hawa. Portulaka ni laini, ina maji, na kuku watano wanaweza kumaliza meza nzima ya vipandikizi kabla ya chai ya saa nne. Wavu kwanza, kitalu baadaye.

Kuuza

Panga meza ya barabarani kati ya saa tatu asubuhi na saa saba mchana. Mteja anayepita saa kumi ataona maua yaliyofumba na ataenda kwa mwenye bougainvillea. Siku ya mawingu maua hayafunguki vizuri, kwa hiyo weka picha ya kila rangi, iliyopigwa kwenye meza yako mwenyewe.

Mteja akija na kipimo, piga hesabu naye palepale. Nafasi ya sentimita 25 ni viriba 16 kwa mita moja ya mraba. Kijia cha mita 10 kwa nusu mita ni viriba 80. Muuzie 88, nane vya kuziba mapengo. Muulize pia jua. Chini ya mwembe au mwarobaini, au mahali maji ya mvua yanatuama, mkatalie, kwa sababu akirudi kulalamika atalalamika mbele ya wateja wengine.

Nyumba zilizo ukingoni kabisa mwa bahari, ambako upepo wa kusi unarusha maji ya chumvi, portulaka haitapendeza mstari wa mbele. Pale weka sesuvium, mmea mnene wa kutambaa wenye maua madogo ya pinki unaoota wenyewe kwenye fukwe zetu. Chukua vipandikizi vichache vya kuanzishia mashina mama, usiung'oe ufukweni kwa mafungu, maana ndio unaoshika mchanga. Ule wa maua ya njano kama alizeti ndogo, wedelia, wateja wanaupenda kwa kuwa hauhitaji kazi. Usiuoteshe. Umo kwenye orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani, na ukitoka uani hufunika mfereji na shamba.

Bei ipangie kwa viriba vilivyopona. Tuseme viriba 100, pamoja na udongo, samadi, maji na kibarua, vimekugharimu Sh 25,000. Usiseme kimoja ni Sh 250. Vikifa 20, vile 80 vilivyobaki kila kimoja kimekula zaidi ya Sh 310, na hujaweka faida wala nauli ya bajaji.

Mwambie mnunuzi mapema kwamba baada ya miezi minne hadi sita portulaka huchoka katikati, matawi yanakuwa marefu na matupu. Dawa yake ni kukata hadi kubaki theluthi moja, na kupanda upya palipokufa. Hoteli na nyumba za wageni za Tanga na Pangani hazina muda wa kazi hiyo, basi uza mimea pamoja na ahadi ya kurudi kuikata, kwa bei iliyoandikwa. Na viriba vipeleke kwenye makreti au maboksi, vimesimama: tangu 1 Juni 2019 mfuko wa plastiki wa kubebea ni marufuku, na portulaka iliyolazwa hufika na nusu ya matawi yamekatika.