Unaenda Les Salines, Martinique? Soma hii kwanza, mdogo wangu

Anza na viza. Martinique, kisiwa cha Karibiani, ni Ufaransa, lakini haiko ndani ya Schengen (eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja), kwa hiyo viza ya Paris peke yake haitoshi. Omba iandikwe kwamba inafaa na kule.

Les Salines ni ufukwe, uko Sainte-Anne, kusini kabisa mwa kisiwa, na kuingia ni bure. Jumapili familia za hapo hujaa na vyakula vyao. Anayetaka utulivu aende siku nyingine. Mimi ningechagua Jumapili.

Jambo zito ni mti uitwao mancenillier. Tunda lake, kama tofaa dogo la kijani, ni sumu, na utomvu wake unaunguza ngozi. Mingi imepakwa rangi nyekundu shinani. Sisi watu wa Goma mvua ikitukuta tunakimbilia chini ya mti wowote; kule usithubutu, maji yanayodondoka kwenye majani yake yanatoa malengelenge. Kivuli tafuta kwa minazi, ila kwanza tazama juu, nazi huanguka.

Maji yana chumvi, si kama ziwa letu hili la Kivu: ukifungua macho ndani yatawasha. Beba sarafu za euro kwa ajili ya sorbet ya nazi, ile barafu tamu ya kulamba. Kifaransa chako cha shule kinatosha kabisa.