Ukiandikiwa picha ya ubongo Nairobi, anza na fomu

Fomu ya kuombea picha ni karatasi ndogo, na sehemu muhimu kuliko zote ndani yake ni ile mistari miwili ya maelezo ya mgonjwa. Mimi ni radiografa katika kituo kimoja cha picha huku Upper Hill. Asubuhi nyingi nikipokea fomu nakuta hapo pameandikwa neno moja tu: kichwa. Kichwa kimefanya nini? Kinauma tangu lini? Mgonjwa alianguka, amepooza upande mmoja, ama anasahau njia ya kurudi nyumbani?

Nauliza kwa sababu mashine ya MRI, ile inayopiga picha kwa sumaku, haina picha moja inayoonyesha kila kitu. Tunapiga mfululizo wa picha za aina mbalimbali, na tunachagua zipi kulingana na swali tuliloulizwa. Swali likiwa bovu, utalipa pesa zile zile na uondoke na jibu la juu juu.

Basi kabla hujatoka chumbani kwa daktari, soma fomu. Si utovu wa adabu. Kama mtoto wako ana kifafa, sema: "Daktari, naomba uandike kwamba anaposhikwa huanza na mkono wa kushoto, na akiwa mdogo alipata degedege la homa." Sentensi hiyo moja inabadilisha kazi yangu yote. Mwaka 2019 ILAE, shirika la kimataifa la kupambana na kifafa, lilitoa mwongozo wa namna ya kupiga MRI ya mwenye kifafa: vipande vyembamba vya milimita moja kwa ubongo mzima, pamoja na picha za karibu zinazokata hipokampasi kwa pembe yake. Hipokampasi ni sehemu ndogo iliyojikunja ndani ya ubongo, usawa wa sikio, na kovu lake ni chanzo kikubwa cha kifafa kisichosikia dawa. Kovu hilo likionekana vizuri, daktari wa upasuaji anaweza kufikiria kuliondoa. Kwenye MRI ya kawaida, yenye vipande vya milimita tano, kovu dogo hupita bila kuonekana na mgonjwa akaambiwa ubongo wake ni safi.

Ukitoka sehemu wanakofuga nguruwe wa kuachiliwa wazi, taja hilo pia, hata kama wewe hugusi nyama yake. Mayai ya tegu, mnyoo anayesafiri kati ya nguruwe na binadamu, huingia mwilini kupitia chakula au maji yaliyochafuliwa na kinyesi cha binadamu mwenye mnyoo, na mabuu yakikaa kwenye ubongo huleta kifafa. Hapa CT, picha inayopigwa kwa eksirei, hushinda MRI katika jambo moja: huonyesha wazi mabuu yaliyokufa na kugeuka chokaa. MRI nayo huonyesha vizuri zaidi yale yaliyo hai. Wakati mwingine daktari huandika zote mbili, na hapo usidhani unaibiwa.

CT au MRI?

Mtu akipinda mdomo ghafla, mkono ukalegea, maneno yakamtoka ovyo, usitafute MRI wala usipige simu kuomba nafasi ya kesho. Mpeleke hospitali yenye CT inayofanya kazi usiku na mchana, na gari likiwa njiani mtu mmoja apige simu kuuliza kama mashine iko sawa leo. Swali hilo lina maana yake. Mashine huharibika, na kugundua hivyo mkiwa tayari mlangoni ni hasara ya saa nzima kwa foleni za Nairobi.

CT ya kichwa huchukua dakika chache na damu mbichi huonekana nyeupe juu yake. Kazi yake ya kwanza ni kutenganisha kiharusi cha mshipa kupasuka na kile cha mshipa kuziba. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na ukimpa mtu anayevuja damu ubongoni unaweza kumuua. Ndiyo maana daktari wa dharura atakuuliza swali ambalo familia nyingi hazina jibu lake: mara ya mwisho kuonekana akiwa mzima ilikuwa saa ngapi? Si saa mliyomkuta. Kama alilala saa nne usiku akiwa salama na mkamkuta amepooza alfajiri, saa inayohesabiwa ni nne usiku. Iandike kwenye simu kabla hujaisahau.

Hesabu hiyo ya saa imelegezwa kidogo na picha zenyewe. Tafiti zilizotoka mwaka 2018 zilionyesha kwamba baadhi ya wagonjwa wanaweza kufaidika na kuvutwa bonge la damu kwa mrija hata saa 24 baada ya kuonekana wazima, mradi picha ionyeshe kwamba bado kuna sehemu kubwa ya ubongo yenye njaa ya damu lakini haijafa. Ni hospitali chache zenye timu ya kazi hiyo, na bei yake si ya mchezo, lakini uliza. Usikubali kuambiwa "mmechelewa" na mtu ambaye hajatazama picha.

Aliyeanguka na bodaboda naye aende CT kwanza. Mionzi ya CT moja ya kichwa ni takriban milisivati mbili, kiasi ambacho mwili hupokea kutoka ardhini na angani kwa miezi kadhaa. Kwa mtu anayetapika baada ya kugonga kichwa, hiyo si sababu ya kusitasita. Kwa anayetaka kurudia CT kila kichwa kinapouma, ni sababu.

MRI haina mionzi ya aina hiyo. Ni sumaku, mawimbi ya redio, na maji yaliyomo mwilini mwako. Nguvu yake iko katika kuuliza maji hayo maswali tofauti. Kuna picha iitwayo difyusheni, inayofuata jinsi molekuli za maji zinavyotembea. Mshipa ukiziba, seli huvimba na maji hubanwa mahali pamoja kama abiria wa matatu ya jioni, basi sehemu hiyo hung'aa. Hili huonekana ndani ya dakika, wakati CT bado yaweza kuonekana ya kawaida kwa saa kadhaa. Kuna FLAIR, inayozima mwanga wa maji yanayozunguka ubongo ili madoa yaliyojificha pembeni yajitokeze. Na kuna SWI, inayonusa madini ya chuma yaliyo kwenye damu, hata tone lililovuja miaka iliyopita. Huna haja ya kukariri majina hayo. Inatosha kujua kwamba daktari akiandika swali vizuri, nami najua nipige ipi.

Chuma, nywele na jicho la fundi

Sumaku ya MRI haizimwi tunapofunga ofisi. Iko kazini hata chumba kikiwa giza. Mwaka 2001 huko New York mtoto aliuawa na mtungi wa oksijeni uliovutwa na sumaku akiwa ndani ya mashine. Kwa hiyo maswali yangu mlangoni si ya kupoteza muda, na naomba uyajibu yote, hata yale unayoona hayanihusu.

Siku moja aliletwa mzee mmoja fundi wa masanduku ya bati kutoka Kamukunji, anaumwa kichwa na macho yanaona mawili mawili. Nikamuuliza, "Mzee, umewahi kuingiwa na chuma jichoni?"

"Aa daktari, hiyo ni kawaida ya kazi. Kinaingia, kinatoka."

"Na kuna ambacho hakikutoka?"

Akafikiri. "Kuna kimoja kilinisumbua halafu kikanyamaza."

Hicho kilichonyamaza ndicho ninachokiogopa. Kibanzi kidogo cha chuma ndani ya jicho kinaweza kusogezwa na sumaku na kukata jicho kutoka ndani. Tulimpiga eksirei ya macho kwanza, na ndivyo inavyopaswa kwa yeyote aliyewahi kuchomelea, kukata au kufua chuma bila miwani. Kama una baba au mjomba wa kazi za jua kali, sema mapema wakati wa kuomba nafasi ili eksirei ifanyike siku hiyo hiyo.

Mengine ya kutaja: kifaa cha moyo chenye betri, kibanio kilichowekwa kwenye mshipa wa ubongo, kifaa cha kusikia kilichopandikizwa, risasi au vipande vyake, vyuma vya mifupa, koili ya uzazi, ujauzito. Vingi kati ya hivyo havikuzuii, lakini lazima tujue ni vya aina gani. Kadi uliyopewa hospitali baada ya upasuaji, ile iliyotupwa droo ya chini, ndiyo tunayoitaka.

Akina mama na dada zangu, sasa nywele. Kichwa huingia ndani ya kizimba cha plastiki tunachokiita koili, na kinapaswa kufunga kabisa. Ukitoka Kenyatta Market Jumamosi na rasta nene zilizokunjwa juu ya utosi, Jumatatu koili haitafunga. Hakuna ujanja hapo. Tutafungua au utarudi siku nyingine. Suka chini, zilale. Ondoa pete ndogo za kupamba rasta, vibanio vya wigi na kope za sumaku. Pini za hijabu tunazo za plastiki za kukuazima.

Ukiwa ndani

Funga macho kabla kitanda hakijaingia, na usiyafungue hadi utoke. Wengi wanaoshtuka hushtuka kwa kuona dari ikiwa karibu na pua. Asiyeiona hukaa vizuri. Mashine itagonga, itanguruma, itanyamaza, kisha ianze upya. Tunakupa vizibo vya masikio na kipira cha kubonyeza mkononi. Kibonyeze ukizidiwa, hakuna atakayekugombeza. Kumeza mate na kukohoa fanya wakati wa kimya. MRI ya ubongo huchukua kati ya dakika 20 na 45 hivi. Mashine mpya zenye programu za akili mnemba za kusafisha picha zimepunguza muda huo, lakini hakuna programu inayoponya picha ya mtu aliyetikisa kichwa kila mara.

Ukiandikiwa dawa ya rangi ya kudungwa mshipani, yaani gadolini, njoo na kipimo cha kriatinini, kile cha damu kinachoonyesha kazi ya figo, kama una ugonjwa wa figo, kisukari au umri umesonga. Si kila picha inaihitaji. Kwa uvimbe na maambukizi inasaidia sana. Kwa kifafa cha kawaida mara nyingi haina kazi.

Kuhusu pesa nitasema machache. SHA, bima ya afya ya taifa, ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, na kwa picha kubwa hizi ulizia idhini kabla ya siku yenyewe, si ukiwa dirishani. Uliza pia kama bei uliyotajiwa ina dawa ya rangi, ripoti na CD ndani yake. Na usisumbuliwe na matangazo ya tesla, kipimo cha nguvu ya sumaku. Mashine ya 1.5 inatosha kwa maswali mengi. Ya 3 ina faida hasa kwa kifafa ambacho picha za mwanzo hazikuonyesha kitu. Ulimwenguni sasa kuna mashine ndogo ya magurudumu ya tesla 0.064, inayosukumwa hadi kitandani kwa mgonjwa. Picha zake ni hafifu, ila kwa mgonjwa asiyeweza kuhamishwa, hafifu ni bora kuliko hakuna.

PET, picha inayotumia dawa yenye mionzi, ni habari nyingine. Nairobi ipo Aga Khan, na nje kidogo Barabara ya Thika ipo hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, KUTRRH. Kwa ubongo hutumia sukari yenye mionzi kuonyesha sehemu zinazofanya kazi kwa uvivu, na husaidia kutenganisha aina za ugonjwa wa kusahau. Utafunga kula kwa saa kadhaa, na mwenye kisukari aseme mapema. Fika kwa wakati: nguvu ya sukari hiyo hupungua nusu kila dakika 110, haikungoji upite Githurai.

Ripoti na CD

"Hakuna kasoro" kwenye ripoti ya mwenye kifafa haimaanishi hana kifafa. Kifafa hutambuliwa kwa historia na kwa EEG, kipimo cha umeme wa ubongo, na wagonjwa wengi wana MRI safi kabisa. Kinyume chake, madoa meupe machache kwa mtu wa miaka 65 mwenye presha mara nyingi ni alama za presha hiyo, si saratani. Muulize daktari kabla ya kumuuliza Google.

Usipige filamu picha dhidi ya dirisha na kumtumia binamu aliye Marekani kwa WhatsApp. Ripoti nzuri hutoka kwenye mamia ya vipande ambavyo daktari anavipitisha mbele na nyuma kwenye skrini, na hivyo vyote viko kwenye CD. Ikiwa ulipigwa picha miaka mitatu iliyopita, leta na ile CD ya zamani kabla ripoti haijaandikwa, umwambie wa mapokezi iambatanishwe. Uvimbe wa sentimita mbili ambao haujabadilika tangu 2021 na ule uliokua tangu Krismasi huonekana sawasawa kwenye picha moja.

Kabla hujaondoka omba CD ifunguliwe mbele yako. Soma jina lote na tarehe ya kuzaliwa, kwa maana akina Mary Wanjiku katika kompyuta yetu ni wengi. Herufi ikikosewa, irekebishwe hapo hapo dirishani.