Muhuri wa wakili si upekuzi: maswali ya wanaonunua nyumba na viwanja

Mimi ni karani kwenye ofisi ya mawakili maeneo ya Kisutu, Dar es Salaam. Wakili ni bosi. Mimi nakaa meza ya karibu na mlango, nachapa mikataba na kwenda kupanga foleni ardhi. Kwa hiyo maswali ya nyumba na viwanja huanzia kwangu, na mengi huja yamechelewa: mtu ameshatoa hela, sasa ndiyo anatafuta wakili wa "kugonga muhuri tu". Haya hapa yanayojirudia sana.

Serikali ya mtaa wameshasaini, wakili wa nini tena?

Mwenyekiti na majirani wana kazi yao, na sikubaliani na wanaosema waachwe. Kwenye eneo ambalo halijapimwa, wao ndio kumbukumbu: wanajua nani alikuwa akilima pale, nani alishauza kipande cha chini, na kama mpaka ni mchongoma au mtaro. Lakini eneo likiwa na hati, daftari la mwenyekiti halioneshi kama hati hiyo imewekwa dhamana benki. Hilo liko kwa Msajili wa Hati, anayetunza rejesta ya serikali ya ardhi yenye hati. Isitoshe, Sheria ya Mawakili inataka nyaraka za kuhamisha ardhi ziandaliwe na mwenye sifa, na jina lake na anwani vionekane kwenye karatasi yenyewe. Mkataba usipokuwa na mstari wa "Umeandaliwa na", uliza nani kauandika. Mara nyingi ni kijana wa steshenari, kafuta majina ya watu wa jana akaweka yenu.

Si kuna muhuri wa wakili? Basi kiwanja ni salama.

Hapa ndipo watu wanapopigwa. Mama mmoja aliniwekea mkataba mezani: muhuri wa bluu umekaa vizuri, picha za pande zote mbili zimebandikwa, dole gumba la shahidi lipo. "Mwanangu, huu wakili ameshaupitisha." Nikamsomea maneno yaliyozunguka ule muhuri. Yanasema aliyesaini ametambulishwa kwa wakili na mtu fulani, na kwamba amesaini mbele yake, mahali fulani, tarehe fulani. Basi. Hayasemi kiwanja ni cha muuzaji, wala kwamba hakina rehani. Wakili aliyeshuhudia saini kwa dakika kumi hakutumwa kuchunguza chochote na hakulipwa kwa kazi hiyo.

Kwa hiyo ukiingia ofisi ya wakili, sema unataka akusimamie ununuzi, na msaini makubaliano yanayotaja kazi zenyewe: kufanya upekuzi, kuandaa mkataba, kufuatilia kodi, kuhamisha jina. Bei ya kugonga na bei ya kusimamia haziwezi kulingana, na anayekuambia zinalingana atafanya ile ya rahisi.

Huo upekuzi unaonesha nini?

Unampa wakili nakala ya hati, au angalau namba ya hati, namba ya kiwanja na kitalu. Yeye anaomba upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati, analipia ada ya serikali, na majibu yanarudi kwa maandishi: mmiliki aliyesajiliwa ni nani, umiliki ni wa miaka mingapi na ulianza lini, kama kuna rehani, kama kuna zuio. Usikubali nakala ya upekuzi anayokuletea dalali, hata iwe ya wiki iliyopita. Mkopo unaweza kusajiliwa leo asubuhi.

Majibu yakiwa safi, kazi bado, kwa sababu kuna mambo rejesta haiyajui. La kwanza ni ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mtu kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina moja. Wakili makini atadai saini ya mke au mume, na muuzaji akisema hana mwenza, ataapa kiapo cha maandishi. Mimi huwaambia wanunuzi: nendeni kwenye hiyo nyumba mchana, bila dalali, mgonge mlango. Anayefungua ni nani? Kama ni mpangaji, analipa kodi kwa nani?

La pili ni barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu hadi mita 30 kila upande kutoka katikati. Ukiona ukuta umepakwa rangi upya sehemu moja tu, chungulia vizuri. Chini yake panaweza kuwa na ile X nyekundu ya nyumba za kubomolewa.

La tatu ni bikoni, yale mawe ya mipaka. Hati inaweza kuwa halali kabisa, ila kiwanja ulichooneshwa sicho kilichoandikwa. Mlipe mpimaji aje na ramani ya upimaji asome namba kwenye mawe. Wakili hawezi kuyaona akiwa Kisutu.

Muuzaji ana wakili wake, tutumie huyohuyo tupunguze gharama?

Sishauri. Siku mambo yakiharibika huyo ni wakili wa nani? Hata anayeletwa na dalali mwangalie kwa jicho hilohilo, maana dalali halipwi mpaka biashara ifungwe. Tafuta wako, kisha hakikisha ni wakili kweli: Mahakama ina mfumo wa e-Wakili mtandaoni, ambako unaandika jina na kuona kama ameruhusiwa kufanya kazi kwa sasa. Ni kazi ya dakika mbili kwenye simu, na wakili halali hatanuna ukimwambia umemwangalia.

Nyumba ya urithi je?

Barua ya kikao cha ukoo haitoshi. Muulize muuzaji barua za usimamizi wa mirathi. Zikitoka Mahakama ya Mwanzo, ndiyo ile Fomu Namba 4 inayotajwa kila mahali. Jina la msimamizi ndilo linalosaini kama muuzaji. Hata hivyo, bosi wangu haendelei mpaka warithi wote watu wazima wameridhia kwa maandishi, kwa sababu kesi za nyumba za marehemu mara nyingi hufunguliwa na yule mdogo aliyekuwa masomoni watu walipokuwa wanagawana.

Tuandike bei ndogo ili kodi ipungue?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini. Jibu ni hapana. Achilia mbali kwamba ni kuidanganya serikali. Kinachokuumiza wewe ni hiki: mauzo yakivunjika, utadai hela zako kwa karatasi ipi? Uliyetoa milioni themanini umesaini kuwa ni thelathini. Halafu uhamisho unahitaji ripoti ya uthamini, kwa hiyo thamani halisi itajulikana tu. Muuzaji ndiye mwenye kodi ya faida ya mauzo, asilimia 10 ya faida kwa mkazi, na bila cheti cha TRA, mamlaka ya mapato, Msajili hahamishi. Ushuru wa stempu wa asilimia 1 kwa kawaida ni wa mnunuzi, na mkataba usiolipiwa ushuru huo haupokelewi kama ushahidi mahakamani. Mkataba utaje nani analipa nini. Ugomvi mwingi ninaoushuhudia pale mezani ni wa uthamini: kila mmoja alidhani ni wa mwenzake.

Malipo yenyewe yapite benki, kwenye akaunti yenye jina la muuzaji aliyeko kwenye hati, na yawe kwa awamu. Sehemu siku ya kusaini, sehemu baada ya fomu za uhamisho kusainiwa na hati halisi kukabidhiwa kwa wakili, na salio jina likishabadilika. Muuzaji anayetaka zote leo kwa sababu "kuna mteja mwingine anakuja saa tisa", mwache amuuzie huyo wa saa tisa.

Shamba la Mkuranga au Kisarawe nalo linahitaji wakili?

Linahitaji, ila mlango wa kwanza ni halmashauri ya kijiji. Ardhi ya kijiji ina sheria yake, Namba 5 ya mwaka 1999, na wakili wa mjini hawezi kuruka idhini ya kijiji kwa muhuri. Omba muhtasari wa kikao kilichokubali, si barua ya mtendaji peke yake.

Nitajuaje kazi imeisha?

Unapokabidhiwa mkataba halisi, stakabadhi za kodi na ushuru, na hati yenye jina lako. Hiyo hati isome hapohapo dirishani, herufi kwa herufi, ukiwa na kitambulisho cha NIDA mkononi, kabla hujasaini daftari la kupokelea. Kumrudisha "Mwanaid" awe Mwanaidi kuna kiapo chake, ada yake na foleni yake.