Kusoma kanuni za ukanda kabla ya kuchora uso wa jengo

Hivi karibuni nilikaa na mchoraji kijana ambaye michoro yake ya jengo la ghorofa tano ilikuwa imerudishwa mara mbili kwa kosa lile lile: alisoma kanuni za ukanda wake (eneo la mji lenye kanuni zake za ujenzi), asisome za ukanda wa jirani. Tulianza upya hivi.

Hatua ya 1. Andika jina la ukanda wako na la kila ukanda unaopakana na kiwanja.

Hatua ya 2. Chora mpaka wa mbele kutoka ramani ya upimaji. Usianzie kwenye ukingo wa lami, kwa kuwa kati ya lami na kiwanja mara nyingi kuna hifadhi ya barabara.

Hatua ya 3. Tazama kama kanuni zinataja umbali wa chini kabisa tu kati ya jengo na mpaka wa mbele, au na wa juu kabisa pia. Penye umbali wa chini pekee, mwenye jengo anaweza kulisogeza nyuma kabisa na kuegesha magari mbele. Penye ukomo wa juu, ukuta hukaa karibu na njia. Mimi naunga mkono ukomo wa juu, kwani anayetembea kwa miguu hukutana na milango na madirisha.

Hatua ya 4. Hapa ndipo muda hupotea. Ukanda wa maghorofa unapopakana na wa nyumba za chini, kanuni nyingi huweka mstari mshazari ambao jengo halipaswi kuuvuka. Tuseme ukuta unaruhusiwa kufika mita 10 ukiwa mita 6 kutoka mpakani, kisha mstari unapanda kwa nyuzi 45: sehemu yenye kimo cha mita 16 italazimika kuwa mita 12 kutoka mpakani. New York ilitumia wazo la jamaa hiyo mwaka 1916, ikilinganisha kimo na upana wa barabara, na ndiyo asili ya majengo yake yenye umbo la ngazi. Hakikisha kama kimo kinapimwa kutoka ardhi ya asili au iliyojazwa, kwani kwenye mteremko tofauti hiyo inaweza kumeza ghorofa nzima. Uliza pia kama ukingo wa paa na chumba cha ngazi vinahesabiwa. Chora mkato, yaani mchoro wa jengo kana kwamba limekatwa wima, kwa penseli kwenye karatasi ya grafu kabla ya kufungua kompyuta, kwa sababu mshazari hauonekani kwenye ramani ya sakafu.

Hatua ya 5. Panga maegesho nyuma, kisha wasilisha michoro ukiambatisha mkato huo. Wa kijana yule ulionyesha ghorofa mbili za juu zikirudi nyuma, na ua wa jirani ukibaki na jua.